Fundo la Kitambaa

Mama Fundi alifunika cherehani, akachomeka sindano kwenye ukosi, akaenda mahakamani. Mwanawe alichukuliwa na askari dukani kwake, mchana kweupe, ndiyo basi tena. Leo hakimu alikuwa anachunguza kama kijana alikufa, na nani alimuua. Mama alitaka aonyeshwe kaburi tu, jamani. Mengine alimwachia Mungu.

Sasa mahakama ile ilikuwa na desturi yake. Kwanza karani anasimama mlangoni, anamwita aliyepotea mara tatu. Haitiki mtu, hata karani mwenyewe huita huku anapiga miayo.

Akaita mara ya kwanza. Akaita ya pili.

"Naam!"

Kijana akaingia akipapasa ukuta, udongo masikioni, kitambaa kimefungwa machoni. Watu wakasogea, akapata nafasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Hebu geuka." Mama akachomoa sindano, akaanza kulichokonoa fundo kisogoni. Likagoma.

Sajini mmoja wa polisi, aliyekaa mbele, akakohoa.

"Huyo huyo, mheshimiwa," kijana akasema. "Ndiye aliyeniua. Kikohozi chake nakijua."

"Ulimwona?" hakimu akauliza.

"Nilimsikia."

"Kusikia si kuona. Halafu wewe umeitwa, umeitika. Basi hukupotea. Faili nalifunga."

"Lakini nimekufa, mheshimiwa."

"Hiyo kesi nyingine. Ukiileta, uje na maiti."

Mama akasimama. "Na kaburi je, mheshimiwa?"

"Kaburi la nini, mama, na mtoto unaye?"

Huko nje mama akamuuliza mwenyewe, "Wamekuzika wapi, baba, nikufuate?"

"Sijui mama. Hata leo nimefuata sauti tu."

Basi, tangu hapo Mama Fundi akishamaliza kazi anasimama mlangoni anamwita, naye anakuja, anakaa kwenye kigoda, mama anahangaika na lile fundo. Ameshavunja sindano, ameshajaribu mkasi, meno je? Wapi! Majirani wakipita wanawasalimu wote wawili.

Siku moja sajini akaleta suruali ya kazi, inambana kiunoni. Mama akampima, akaandika vipimo kwa chaki, akarudi kwenye fundo. Sajini akasimama akimtazama, akamwonea huruma kweli.

"Usijichoshe, mama," akasema. "Hilo nililikaza mwenyewe. Suruali nije lini?"