Kigoda Kilichovikwa Taji

Mama Pasi alikuwa amesimama vya kutosha maishani. Miaka na miaka pale kwa dobi alinyoosha mashati ya wakubwa, akawajua kwa kola zao bila kuwaona nyuso. Goti lake la kushoto lilianza kumgomea tangu enzi za yule msimamizi aliyeziba dirisha la chumba cha pasi ili vumbi lisiingie, akasahau kwamba hata hewa hupitia hapohapo. Wenzake wengi walishamsahau bwana yule. Mama Pasi hajamsahau, wala hana mpango.

Kilichombakiza kazini ni kigoda kirefu cha miguu mitatu, alichoundiwa na Mzee Sabuni, mtu wa mashine za kufulia, kwa mbao za makreti. Akikikalia, anapiga pasi mpaka jioni. Akikikosa, goti linamtupa chini kabla ya mchana, na asiyeweza kupiga pasi anaonyeshwa mlango.

Sasa kaja msimamizi mpya. Alitangaza kwamba mfanyakazi aliyekaa ni mfanyakazi aliyelala, na alilitangaza hilo akiwa ameketi, mguu juu ya mguu. Wakamwita Bwana Wima. Leo, alisema, chai ikiisha kigoda kinatoka.

Lakini pale palikuwa na desturi ambayo hakuna bosi aliyeianzisha. Kila chai mtu huokota kitu cha ovyo, hukivika taji la waya wa henga ya kutundikia nguo, kisha hukisifu kwa upuuzi mpaka watu wacheke. Kifungo kiliwahi kuwa jua lililotobolewa macho manne ili lione linapochwea. Birika lilikuwa tembo aliyeoga maji ya moto akanywea, ukabaki mkonga. Na sharti lilikuwa moja: kilichovikwa taji kinapumzika. Hakiguswi mpaka chai ya kesho, awe nani anayekitaka.

Bwana Wima alipoingia kuchukua kigoda, wifi yake Mama Pasi, mkunjaji wa shuka, alishamtangulia na waya mkononi.

"Subiri kidogo, bosi. Jamani, mnakiona hiki? Hiki si kigoda. Ni farasi aliyesoma sana, mguu wa nne akauacha shuleni kulipia karo. Kigoda gongodo, godoro la kidogo, ukikipiga teke kinakuuliza kwa lugha tatu, umetumwa na nani?"

Chumba kizima kikacheka. Bwana Wima akanyoosha mkono.

"Hakiguswi, bosi," wakasema kwa pamoja, si kwa ukali, ila kwa namna ya watu wanaomwambia mgeni choo kiko wapi. Akatazama nyuso, akarudi ofisini kufikiri.

Wifi akajifuta jasho, amejaa furaha. Mama Pasi akakisogelea kigoda chake akae. Ndipo Mzee Sabuni akakohoa.

"Mkunjaji, mwanangu. Kigoda umekiokoa. Mwenye kigoda je, naye si haruhusiwi kukigusa?"

Wifi akashika mdomo. "Mungu wangu. Wifi, kaa tu. Nani atajua?"

"Sisi tutajua," alisema Mama Pasi. "Sheria zao mabosi wanazivunja wakitaka, hii ndiyo pekee yetu. Siivunji kwa ajili ya goti."

Akashika pasi, akasimama. Shati la kwanza likapita. La pili, goti likaanza kutetemeka, naye akaegemea meza kama mtu anayesikiliza kitu ndani ya mbao. Wifi alimtazama mpaka akashindwa. Akachukua waya mwingine, akaivika taji meza yake ya kukunjia.

"Meza hii ni ng'ombe aliyepigwa pasi," alisema. "Nayo inapumzika."

Mzee Sabuni alikata waya mrefu, akaivika mashine. "Tumbo lisiloshiba, linameza soksi mbili linatema moja. Pumzika, mama." Macho yote yakamgeukia Mama Pasi. Aliiweka pasi wima, akaivika taji. "Meli ya nchi kavu," alisema. "Kila ikikaribia kufika, mimi naigeuza. Leo itie nanga."

Bwana Wima akatoka ofisini mbio. Kimya kilikuwa kimemtisha kuliko kelele.

"Mbona hamfanyi kazi?"

"Sisi tupo, bosi. Vitu ndivyo vimepumzika."

"Shuka za nyumba ya wageni zinachukuliwa jioni."

"Mataji yanavuliwa kesho, chai," alisema wifi.

"Au hata sasa," alidakia Mzee Sabuni, "kama kigoda kitasifiwa na mtu ambaye hajawahi kusifu kitu." Kanuni hiyo Mama Pasi hakuwahi kuisikia. Mzee alikuwa ameizaa muda uleule, bado mbichi.

Bwana Wima akalegeza tai. "Kigoda hiki ni kizuri." Hakuna aliyecheka. "Kina miguu mitatu. Mimi ninayo miwili." Akakitazama tena, masikio yakimwiva. "Basi kwa kusimama kinanizidi. Na bado hakijamkataza mtu kukaa."

Mzee Sabuni ndiye aliyeanza kucheka, kisha wote. Bwana Wima akakivua taji kwa mkono wake, na mengine yakavuliwa.

"Kaa, mama," alisema. "Kibaki."

Mama Pasi akakaa, goti likashusha pumzi. Hakumshukuru. Aliyekurudishia chako hajakupa kitu. Shukrani zilikuwa zimemjaa kifuani, lakini zilikuwa na wenyewe.

"Nisamehe, wifi," mkunjaji alinong'ona. "Nimekusimamisha."

"Umenisimamisha, kisha hukuniacha nisimame peke yangu. Lete aproni yako."

"Hii? Shuka zinasubiri."

"Zisubiri."

Akaitandaza ile aproni kuukuu mezani, akaipiga pasi taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kamba zote mbili mpaka nchani, kama shati la waziri. Kisha akanyoosha mkono kwa Mzee Sabuni, naye akaivua yake. Bwana Wima alisimama mlangoni akatazama.