Shukrani Kabla ya Safari

Musoki hakuwa amemwambia mtu yeyote kwamba anaondoka Bunia, kwa sababu nzuri kabisa: alikuwa bado hajaamua kuondoka. Alimwambia mama yake tu, Mama Emerance, tena kwa sauti ya chini wakichambua majani ya sombe jikoni, kwamba Joëlle amempigia simu kutoka Kampala na amemwita wafanye kazi pamoja. Aliomba mambo mawili, mama amwombee na mama anyamaze. La kwanza Mama Emerance alilifanya kupita kiasi, na hilo la pili likamshinda kabisa.

Jumapili iliyofuata Musoki alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma kanisani, anapambana na usingizi, aliposikia jina lake katika kipaza sauti. "Familia ya Mama Emerance wa Mudzi-Pela inamushukuru Mungu juu ya safari ya mutoto wao Musoki, mwenye ameitwa kazi inje ya inchi." Kabla hajajua asikie nini na aache nini, mama yake alikuwa ameshaingia mlangoni na beseni la mchele kichwani na kuku mwekundu kwapani, wanawake wa kwaya wakimsindikiza kwa kucheza mpaka mbele. Kanisa zima likasimama na kupiga makofi. Musoki naye alisimama, maana kuendelea kukaa kungekuwa aibu kubwa zaidi, na aliposimama akamwona Chef Liévin, mkuu wake wa kazi, kwenye safu ya wazee wa kanisa. Alikuwa anapiga makofi polepole huku anamtazama.

Chef Liévin ndiye aliyeongoza karakana ya hospitali ambamo Musoki alitengeneza miguu ya bandia tangu amalize masomo. Ilikuwa kazi ya uhakika. Katika mji ambao mwalimu anaweza kumaliza muhula mzima bila kuona mshahara, wa Musoki ulifika kila mwisho wa mwezi, mvua inyeshe au barabara ifungwe. Kilichokosekana pale ni ruhusa ya kujaribu kitu. Musoki alikuwa na wazo lake la goti, goti linalokunjika vizuri kiasi cha mtu kuchuchumaa shambani akapalilia, na kila alipolitaja, Chef Liévin alimjibu, "Musoki, siye tunafanya vile tunafanyaka."

Joëlle, aliyesoma naye, alikuwa upande wa pili kabisa. Amekodi vyumba viwili Kampala, ana oveni moja ya kulainishia plastiki, na wagonjwa tele, kwa kuwa pikipiki za kule hazina likizo katika kuvunja watu. Mshahara hakuna. Kitakachopatikana watagawana, na kisipopatikana watagawana njaa. Ndivyo alivyosema Joëlle mwenyewe, akicheka, na Musoki hakuona cha kuchekesha.

Sasa, hapa lazima lieleweke jambo moja kuhusu watu wa Bunia. Mtu wa pale akipata safari, hasemi. Anaogopa macho ya watu, anaogopa wenye wivu, anaogopa safari yenyewe isije ikaharibikia mdomoni. Anapika, anafua, anasalimiana na majirani na kupanga nao mambo ya wiki ijayo, halafu wiki ijayo ikifika anawapigia simu akiwa Entebbe. Mwulize akiwa na sanduku mkononi, atakwambia anapeleka nguo kwa fundi. Na hakuna anayemwita mwongo. Wanamwita mtu mwenye akili.

Kwa hiyo Musoki, aliposimama nje ya kanisa siku ile na kuanza kuwaambia watu kwamba haendi popote, alikuwa anajichimbia shimo. Mama ndiye aliyezidiwa na furaha akaropoka, watu walisema. Mtoto ana akili, anafunika.

"Siendi," alimwambia Clémence, jirani yao wa ua mmoja.

Clémence akamkonyeza. "Ni vizuri vile, dada. Usiseme. Mi sijasikia kitu." Halafu akamsogelea. "Ile matela yako, utaachia nani?"

Lilikuwa godoro zuri, zito, la kulalia mtu akasahau shida zake. Musoki alilinunua kwa mshahara wake wa kwanza na hakuwa na mpango wa kumwachia mtu yeyote. Alijibu kwamba godoro linabaki kitandani pake na yeye anabaki juu yake. Clémence alicheka sana, akampiga begani, akasema kweli Musoki amesoma.

Jumatatu kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kigoda chake kilikuwa kimeshahamishiwa kwenye meza ya mwenzake. Mgonjwa mmoja aliyekuja kurekebishiwa mkanda wa mguu alimletea karanga za njiani. Chef Liévin akamwita pembeni, akamwambia kwamba ameshaongea na fundi wa Beni, mtu mzuri anayeitwa Élisée, na kwamba atafika Ijumaa.

"Utamuonyesha kazi kwanza, ndiyo uende," alisema.

"Chef, mi niko hapa. Siko naenda fasi yoyote."

"Ndiyo, ndiyo. Hauendi," alisema Chef Liévin kwa upole wa mtu anayemtunzia mwenzake siri. "Na Élisée atafika vendredi."

Musoki alijaribu kila njia. Aliapa, na watu wakasema ikiwa ameanza kuapa basi safari iko karibu. Alikasirika, wakasema ni mawazo ya kuacha nyumbani. Mwishowe alinunua gunia zima la makaa na kuliburuta katikati ya ua mchana kweupe, ili kila mwenye macho aone kwamba huyu ni mtu wa kukaa. Clémence alilizunguka lile gunia, akaliinua kidogo kupima uzito, akauliza kama nalo linaachwa. Musoki aliingia ndani, akafunga mlango, akaegemea ukuta akiwa na hamu ya kumpiga mtu.

Katikati ya balaa hilo Joëlle akapiga simu. Alitaka jibu, maana chumba cha pili kinalipiwa bure na wagonjwa wanangoja.

"Mama yangu, Joëlle," Musoki alisema. "Nitamuachia nani?"

"Ni ile ile ulisemaka wakati walikuitaka kazi Kigali," alisema Joëlle. " Kila mara ni mama yako. Bon, ongea naye, halafu uniambie. Kama haukuji, nitatafuta mwengine."

Alhamisi uvumilivu ulimwishia. Alikwenda ofisini kwa Chef Liévin bila kubisha hodi, akasimama mbele ya meza na kumwambia kwamba shukrani ile ilikuwa kosa la mama yake, kwamba yeye hana safari, na kwamba kama inatakiwa Biblia basi iletwe. Chef Liévin alimsikiliza mpaka mwisho. Akashusha pumzi, akafungua droo na kutoa karatasi.

"Bon. Mukataba mupya huu hapa, miaka tatu. Tia saini sasa, na mi nitamupigia Élisée asitoke Beni."

Akamwekea kalamu mbele. Hicho ndicho hasa Musoki alichokuwa anakililia tangu Jumapili: mtu mmoja wa kumwamini. Aliishika kalamu. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliona ukuta wa karakana, miguu imening'inia kwa mstari, yote ya namna moja, goti lile lile lisilokubali kuchuchumaa. Aliinama asaini, na mkono ukagoma. Akaiweka kalamu mezani.

"Nitasaini kesho, Chef."

Chef Liévin aliirudisha karatasi kwenye droo na kumkonyeza. "Mi nilijua," alisema.

Musoki alitembea mpaka nyumbani Mudzi-Pela bila kuitikia salamu ya mtu. Alimkuta mama yake anachoma mahindi uani, akiyageuza kwa vidole bila haraka. Ile raha yake ya kugeuza mahindi ndiyo iliyomtibua kabisa.

"Mama, ulinifanyia nini?"

"Nilishukuru Mungu."

"Ya nini? Safari haiko. Leo Chef amenipatia mukataba mupya ya kusaini. Nilikuambia sijachagua bado."

"Nilisikia vizuri."

"Ulisikia, na ukabeba kuku mpaka kanisani?"

"Tena kuku ya kutaga," alisema Mama Emerance. "Kaa chini, unanisimamia kama polisi."

Musoki hakukaa. Mama yake aliweka hindi pembeni, akajifuta majivu kwenye kitenge.

"Wakati ya Kigali ulikatala, ukasema ni sababu yangu. Ile masomo ya Nairobi ulikatala, ukasema ni sababu yangu. Batu wote wa hii mutaa wanajua Musoki haendi mbele sababu iko na mama. Mi niko na mikono. Niko na meza yangu kwa soko, niko na kanisa, niko na dada yako hapa Nyakasanza anakujaka kila siku kunichokesha. Siku moja tu, ulishaka kuniuliza kama nataka ubakie?"

Musoki alifikiri. Hakuwahi kuuliza.

"Nimechoka kukuwa sababu yako, mutoto yangu."

"Ndio ukaamua kunifukuza mbele ya kanisa muzima."

"Sikukufukuza. Mukataba si iko kwa Liévin? Kesho uende utie saini, hakuna mutu atakushika mukono. Lakini usiseme tena ni sababu ya mama. Sema, mimi Musoki, naogopa. Hapo na mi nitapumuzika."

Akachukua hindi lake na kuendelea kuligeuza. Musoki alibaki amesimama na hasira iliyokosa mtu wa kuiangukia. Wiki nzima alikuwa amemkasirikia mama, Clémence, Chef Liévin na kanisa zima na makofi yao, na sasa zamu ilikuwa yake mwenyewe. Aliona haya. Aliogopa kweli, aliogopa mwisho wa mwezi usio na kitu, aliogopa kurudi siku moja akiwa mikono mitupu na watu wakamtazama. Miaka yote hiyo alikuwa amemtwisha mama yake hofu hiyo, na mama ameibeba kimya kimya mpaka shingo imemuuma. Akakaa chini, akapewa hindi, akalila lote.

Kesho yake, kabla chai haijachemka, alimpigia Joëlle simu na kumwambia anakuja. Mama Emerance alisikia kutoka jikoni, na sukari aliyotia kwenye kikombe cha bintiye ilikuwa nyingi kupita kawaida.

Musoki alitoka uani. Clémence alikuwa anafagia upande wake, na Musoki akaona kwamba huyu ndiye anayestahili kuambiwa kwanza, tena waziwazi, yaishe.

"Clémence, ninaenda," alisema. "Niko naenda Kampala kufanya kazi na Joëlle. Jumanne nitashuka Kasenyi kwa ziwa, nipande bateau ya Uganda. Ile matela ni yako. Ukuje uichukue."

Clémence aliacha kufagia. Alimtazama Musoki usoni, akalitazama gunia la makaa lililoegemea ukuta, bado limefungwa, akamtazama Musoki tena. Uso ukamshuka.

"Kumbe hauendi," alisema, akaendelea kufagia.