Vizunguko vya Mwanabaraka

Siku Mwadini alipozama, mkewe Mwanabaraka alikuwa jikoni kwao Woolwich, kando ya mto Thames, ghorofa ya tisa, akikoroga chai. Akatoa kijiko, chai ikaendelea kuzunguka. Simu ilipoingia kumwambia kuwa mumewe ameanguka mtoni kutoka kwenye tishari la kuzoa taka, bila jaketi la kuokolea, chai ilikuwa ingali inazunguka.

Mwadini akazikwa, mkewe akakaa eda. Linus, mwenye tishari, akaja kutoa pole. Mjane hakumtokea, alimsikia kutoka ndani akizungumza mlangoni na wifi yake, Faridah.

"Ajali tu, dada. Uzembe wake mwenyewe."

"Jaketi alikuomba tangu Ramadhani."

"Mimi? Hakuniomba kitu."

"Muongo," akasema Mwanabaraka, na ile chai ya siku ile, isiyoacha kuzunguka, akaimwaga kwenye sinki. Ikashuka inazunguka. Akajaza beseni, akalikoroga, akamwaga tena.

"Wifi, maji yamekukosea nini?" Faridah akauliza.

"Mimi sitoki mpaka eda iishe. Haya yanatoka."

Hakutaka Linus afe. Alitaka aseme.

Wanawake waliokuja kusoma hitima hawakuuliza. Kila mmoja alikwenda kukoroga kwake. Binti wa Mwanabaraka, Miska, anayesomea mambo ya bahari, alieleza kwa Kiingereza huku akikoroga ndoo: vizunguko vidogo hukutana vikalisha kikubwa, kikubwa kikikwaruza ukingo hupasuka, nguvu zake zikarudi kwa vidogo.

"Basi koroga, mwanangu, usizungumze sana."

Kufikia mwisho wa mwezi, mto Thames ulikuwa na kizunguko kipana kama uwanja wa mpira. Vivuko vilikikwepa. Tishari la Linus lilizunguka humo mchana kutwa, mwenyewe juu yake anatapika, jaketi lake kalifunga vizuri. Kisha kizunguko kikakwaruza ukuta wa mto, kikapasuka, na vidogo vikapanda mabombani hadi nyumbani kwake. Maji ya kuoga yalimbwaga. Supu ilimrukia usoni. Hata machozi yalimzunguka jichoni kabla ya kudondoka.

Akampigia Faridah. "Mwambie wifi yako yatosha, jamani."

"Aseme aliombwa jaketi," Mwanabaraka akajibu kutoka chumbani.

Linus akapangusa jicho.

"Hakuniomba," akasema, akakata simu.

Mwanabaraka akajaza beseni jingine.

Siku hizi Linus haogi, na supu hanywi. Tishari linafanya kazi. Amemwajiri baba mmoja kutoka Goma, ambaye kila asubuhi hulipanda bila jaketi.