Ndoo Chini ya Shimo la Tisa

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la dawa, Chanda Musukwa alifanya mazoezi kwenye grini ya tisa, uwanja wa nyasi fupi wenye shimo, katika klabu ya gofu ya Mulonda, mji wa migodi katika Ukanda wa Shaba. Mapigo marefu hayakumsumbua. Balaa lake lilikuwa karibu na shimo. Mpira ukiwa hatua chache nje ya grini, mikono iliganda, akaupiga utosini, ukapitiliza hadi mchangani upande wa pili.

Asubuhi moja aliegemea mguu wa kushoto, akalegeza viganja, akaudokoa kwa pigo fupi la kuuinua. Mpira uliruka kidogo, ukatua mwanzoni mwa grini, ukaviringika hadi shimoni. Alipoinama kuuchukua haukuwamo. Chini kabisa wanawake walikuwa wakigombana.

"We mama, foleni inaanzia huku nyuma!"

"Nani katupa kitu kwenye ndoo yangu?"

Sauti ya pili aliijua. Ilikuwa ya Kasuba, mdogo wake, aliyeishi mtaa wa Chalilwa, ng'ambo ya reli. Bomba la mtaa huo lilikuwa limekauka tangu klabu ilipounganisha nalo vinyunyizio vya nyasi.

"Kasuba, huo mpira ni wangu."

"Basi leta mwingine, dada. Huu ulipoingia, bomba limekohoa likanijazia ndoo."

Chanda akatumbukiza mwingine kwa mkono.

"Mkavu, bomba halijatoa kitu," alisema Kasuba.

Akasukuma mwingine kutoka juu ya grini. Mkavu vilevile. Bomba lilitaka mpira uliodokolewa kutoka nje ya grini.

Basi akajifunza. Aliacha kulitazama shimo, akawa anatazama pale mpira utakapotua. Nyumbani alidokoa sebuleni, akilenga sufuria ya nshima, ugali wao, mpaka mumewe akahamia kulia chakula barazani. Siku alizokosa, wale wa chini walinung'unika.

"Huyo dada yako anatubania," mmoja alimwambia Kasuba. "Wenye viatu vya misumari ndivyo walivyo."

Juu nako walimtilia shaka. Nahodha wa klabu, Simasiku, aliona Chanda ananunua mipira kila wiki na hakuna inayorudi. Mtu hadokoi vizuri hivyo bure bure, alisema. Aliupasua mpira mmoja wa Chanda kwa kisu cha mkate pale baa, akakuta mpira tu. Akajibanza nyuma ya mti wa msuku kumchungulia. Mwishowe akalala kifudifudi, akatega sikio shimoni.

"Wewe nani?" aliulizwa kutoka chini. "Unanuka bia."

Simasiku akasimama, akapangusa magoti.

"Humo mna watu," alimwambia Chanda.

"Ni wa Chalilwa."

"Mnafahamiana?"

"Mmoja ni mdogo wangu."

"Nilijua tu kuna kitu! Kumbe una ndugu shimoni."

"Mukwai, nahodha, tafadhali fungeni hivyo vinyunyizio. Wakipata maji yao, mimi sitadokoa tena hapa."

Simasiku alimtazama kama mtu aliyeambiwa amuuze mama yake. "Na nyasi zinywe nini?"

Kamati ilikaa. Hakuna aliyebisha kwamba shimo lilikuwa na watu. Waliamua Chanda asidokoe tena grini ya tisa, kwa kuwa ana undugu nayo. Badala yake, mara moja kwa mwezi, wanachama wengine wangedokoa kwa zamu, kwa hisani, na nyama ingechomwa.

Siku ya kwanza ya hisani, vinyunyizio vilizunguka tangu alfajiri, na nyasi zilimeta. Chanda alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji. Meneja wa benki aliupiga mpira utosini, ukaenda mchangani. Mhandisi wa mgodi alichimba udongo, mpira ukabaki palepale. Watu wakawapigia makofi wote wawili.

"Dada," Kasuba aliita kutoka shimoni, "anayefuata ni nani?"

"Nahodha. Simasiku."

Simasiku alipanua miguu, akalitazama shimo kwa makini. Kabla hajainua fimbo, kutoka shimoni zilisikika ndoo tupu zikipachikwa moja ndani ya nyingine, na kandambili zikiondoka.