Migomba ya Nyuma kwa Éphraïm

Mzee Lusenge alishikwa na hasira kabla hajashuka kwenye lori. Alikuwa amekaa juu ya mbao ngumu za mti wa libuyu alizozifuata mwenyewe Mbau, siku tatu za matope na vizuizi vya barabarani. Lori lilipopinda kona ya mwisho kuingia Butembo, aliuona ng'ambo ya bonde mteremko wa nyuma ya nyumba ya Éphraïm. Nguzo nne za sakafu ya tatu zilikuwa zimesimama. Si yeye aliyezisimamisha. Alipoondoka aliacha kamba, vigingi na neno moja: mtu asiguse chini mpaka nirudi.

Butembo hakuna anayerithi tambarare. Ukinunua kiwanja umenunua kilima, na ukitaka pa kuweka kiti lazima ubishane na mlima. Éphraïm, mnunuzi wa kakao, alitaka zaidi ya pa kuweka kiti. Alitaka terasi ya mbao yenye sakafu tatu zikishuka mteremko, moja chini ya nyingine, zimeunganishwa kwa ngazi. Ya juu, mlangoni pa jiko, ni ya akina mama. Ya kati ni ya wazee wa ukoo. Ya chini, pana kuliko zote, ni ya wakwe kutoka Beni ambao Jumamosi wangeleta mbuzi wa mahari ya binti yake Hadassa. Kutoka pale chini mtu anauona mji mzima, na Éphraïm alitaka wakwe wauone mji wakiwa kwake.

Lusenge alikuwa na miaka thelathini na mmoja katika ufundi, na hakuna paa lake lililowahi kuinama. Siku ya kwanza, yeye na Onésime, msaidizi wake wa miaka mingi, walivuta mpira wa maji kutoka juu hadi chini kupima usawa. Kabla ya kupiga kigingi cha kwanza alimgeukia mwenye nyumba.

"Papa Éphraïm, huku chini hapakukuwaka shimo? Kisima, choo, kaburi, kitu yoyote?"

"Hapana. Migomba tu."

Na kweli ilikuwa migomba, kichaka kizima, mashina manene kama ngoma. Waliikata. Mafundi walikula ndizi siku mbili, na Lusenge mwenyewe alipeleka mkungu mmoja nyumbani. Sakafu mbili za juu na ngazi ya kushukia ya tatu zilipoisha, ndipo akaenda Mbau kufuata mbao zilizobaki.

Sasa aliteremka mteremkoni bila kumsalimu mtu. Delphin, shemeji wa Éphraïm, kijana mwenye diploma ya ujenzi na viatu visivyojua udongo, alikuwa ameegemea nguzo.

"Karibu, muzee! Unaona? Tumekusaidia."

"Nani alikutuma?"

"Nani tena? Beau-frère. Samedi ya mahari iko mulangoni, na wewe unatembea polepole na mbao zako sawa mutu anasindikiza bibi arusi."

Lusenge alimtazama Onésime, naye Onésime akatazama vidole vyake vya miguu.

"Chef, niliwaambia. Mais mwenye nyumba njo alisema."

"Angalia," Delphin akasema, akaweka simu yake juu ya boriti. "Zéro. Téléphone inasema zéro. Iko sawa kabisa."

"Téléphone yako inaona yulu. Chini inaona nini?"

Lusenge alitundika timazi, akasubiri uzi utulie. Nguzo ya kushoto, iliyosimamishwa jana, ilikuwa imeshaegemea bondeni kwa upana wa vidole viwili. Akachukua baramini, kile chuma kirefu cha wachimba mashimo, akakipiga kando ya nguzo ya juu. Chuma kililia, kikaingia kiasi cha kucha. Huo ni udongo mama, mwekundu, ambao haujawahi kusogezwa na mtu. Akashuka hadi nguzo ya kushoto, akapiga kwa nguvu ileile. Chuma kilizama mpaka ngumi yake ikagusa ardhi. Alikichomoa, akanusa ncha. Udongo ulikuwa mweusi.

Kwenye njia ya chini ya kiwanja alikuwa akipita mama mzee Kanyere, jirani wa siku zote, mzigo wa kuni mgongoni, kamba ya mzigo kwenye paji la uso.

"Wavukire, mukaka," Lusenge akamwamkia kwa Kinande. "Hapa kulikuwaka nini zamani?"

Kanyere alisimama, akaishika kamba kwa mikono miwili, akacheka mpaka kuni zikatikisika.

"Unauliza miye kweli? Hapo kulikuwa choo yao! Choo ya baba yake Éphraïm, shimo ya mita saba. Ilijaa, bakaifunika, bakapanda migomba yulu yake. Wewe fundi muzima hukuona ile mikungu? Migomba inanenepaka bure?"

Onésime alitema mate. "Chef, tulikula ile ndizi."

"Nyamaza."

Hasira ya Lusenge ilikuwa na vyumba viwili, na katika kimoja alikuwa amekaa yeye mwenyewe. Nani katika mji huu hajui? Choo kikijaa, watu hukifunika udongo na kupanda mgomba juu, kwa sababu hakuna mbolea inayoshinda hiyo. Mtoto wa miaka sita anajua. Yeye aliikata kwa panga lake mwenyewe, akasifu unene wake, akachagua mkungu mkubwa. Aliuliza kwa mdomo, akasahau kuuliza kwa macho.

Lakini aliuliza, na alijibiwa hapana.

Alimkuta Éphraïm sebuleni akipanga viti vipya.

"Ulijua," Lusenge akasema.

Éphraïm alikwenda kufunga mlango kwanza. "Shusha sauti, muzee."

"Nilikuuliza! Mbele ya Onésime nilikuuliza, ukanijibu hapana!"

"Ulitaka nikujibu nini? Nikuambie, muzee, jenga hapa, bakwe zangu bakuje kukaa yulu ya choo ya marehemu papa? Ungeisema mu mji muzima. Mu arusi yote bangekuwa banaziba pua."

"Miye? Miye njo nasemaka mambo ya nyumba za batu?" Lusenge alimsogelea. Ameingia vyumba vya watu miaka thelathini na mmoja, ameona vitanda vilivyovunjika na ndoa zilizovunjika, na hajawahi kutoka na neno. "Sikiliza. Nipe siku ine. Natoa hizo nguzo. Natafuta boriti ndefu, zinavuka shimo, nguzo zinakaa huku na huku kwa udongo mama. Hakuna atajua kitu."

"Samedi iko kesho kutwa."

"Basi sakafu mbili. Useme ya tatu haijaisha."

"Nilishaambia batu tatu! Bakwe banajua tatu. Nitaonekana mutu alianza kitu akashindwa?"

"Kushindwa ni afadhali kuliko kuzika batu!"

Delphin alikuwa ameingia taratibu. "Muzee, jina la Mungu. Tuliweka mawe mapana chini ya kila nguzo, na ciment. Itabeba. Hasira ni hasara."

"Hasara itakuja Samedi, mutoto wangu, na itakuja na miguu makumi sita."

"Donc unakataa kazi?" Éphraïm akauliza.

"Nakataa."

"Basi Delphin atapigilia."

Na Delphin akapigilia. Ijumaa nzima Lusenge alikaa uani kwake, upande wa pili wa bonde, akisikiliza nyundo. Zilikuwa mbao zake. Alizichagua moja moja Mbau, alizigonga kwa kidole na kuzisikiliza, alirudisha kumi na moja zilizokuwa na ufa. Kila pigo la nyundo lilimwingia kifuani. Mkewe alimletea chakula, naye akakisogeza kando.

"Umeshakataa," mkewe akamwambia. "Dhambi si yako tena."

"Ngazi ni yangu," Lusenge akajibu. "Ile ngazi ya kushuka chini niliijenga miye, mbele ya kwenda Mbau. Batashukia mukono wangu."

Jumamosi alivaa koti lake la misa, akatia msumeno chini ya koti, akapita njia ya Kanyere. Mbuzi walikuwa wamefungwa chini ya kiwanja. Wakwe walikuwa wamefika na kukaa sakafu ya kati wakinywa kinywaji cha kwanza, wakingoja kuteremshwa. Sakafu ya tatu ilikuwa na viti thelathini vyenye vitambaa vyeupe, na bado haikuwa na mtu. Lusenge alipanda kutoka chini, akasimama kwenye udongo mama kando ya ngazi, akatoa msumeno, akaanza kukata.

Mwanzo watu walidhani anarekebisha kitu. Ubavu wa kwanza wa ngazi ulipokatika, wanawake walipiga kelele.

"Muzee Lusenge!" Éphraïm alikuja mbio, suti mpya, jasho usoni. "Umekuwa kichaa? Mbele ya bakwe zangu?"

"Ni juu ya kuokoa hao bakwe."

"Mumutoe! Delphin, mutoe huyu mutu!"

"Delphin akuje," Lusenge akasema, msumeno ukiendelea. "Akuje apitie hapo kati, palepale alipoweka mawe yake. Aruke mara tatu. Akiruka mara tatu, miye natengeneza ngazi kwa meno."

Delphin alishuka mpaka mwisho wa sakafu ya kati. Aliitazama sakafu aliyoipigilia mwenyewe, akabaki pale.

Ubavu wa pili ukakatika. Ngazi ikaanguka, ikabingirika hadi kwa mbuzi.

"Onésime! Bido mbili za maji!"

Onésime, aliyekuwa amealikwa kugawa vinywaji, alimtazama Éphraïm, akamtazama Lusenge, kisha akaenda kuleta madumu mawili ya maji. Safari hii hakutazama vidole vyake. Lusenge alimimina bido la kwanza taratibu kwenye kitako cha nguzo ya kushoto. Udongo mwema wa kilima humrudishia mtu maji yake. Hutiririka, huchora mfereji, huondoka. Maji haya hayakuondoka. Yalimezwa. Alimimina bido la pili, ardhi ikatoa sauti ya mtu aliyeshiba, na nguzo ikashuka kwa kiganja kizima, jiwe lake, saruji yake na yote. Juu yake misumari ililia, mbao zikafunguka kama mdomo, na viti vitano vyenye vitambaa vyeupe vikateleza kimoja baada ya kingine mpaka bondeni.

Mbuzi mmoja alilia.

Mzee Jacob, mkuu wa wakwe, mkulima wa kakao, alisimama na kofia yake mkononi.

"Fundi, kuko nini hapo chini?"

Lusenge alikuwa na neno hilo mdomoni tangu Alhamisi. Alilimeza.

"Miye sisemaka mambo ya nyumba za batu. Mwenye nyumba yuko hapo. Aseme."

Watu wote waligeuka. Éphraïm alilegeza tai yake.

"Choo," akasema.

"Sikusikia, mukwe wangu."

"Choo ya zamani. Ya marehemu papa. Kulikuwa migomba yulu yake."

Mzee Jacob alivaa kofia, akaivua tena. "Na juu ya kuona haya kwa choo ulitaka tuingie ndani yake na suti zetu?" Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumbo zima. "Kwangu Beni niko na migomba ya vile tatu! Nani hapa hana? Mutu yenye hana anyanyue mukono!"

Hakuna mkono ulionyanyuka. Kicheko kikapanda kutoka sakafu ya kati hadi ya juu, akina mama wakafuta machozi, na watu wakabanana kwenye sakafu mbili ili mbuzi wapokelewe.

Lusenge hakucheka. Kicheko hicho kilimkera kuliko uongo wenyewe. Aibu ambayo kila mtu anayo nyuma ya nyumba yake, na kwa ajili yake watu thelathini walikuwa waende mita saba chini ya ardhi! Alifuta msumeno kwa kitambaa, akauweka chini ya koti.

Éphraïm alimfuata mpaka njiani, sahani ya nyama mkononi.

"Muzee, ukule basi. Samahani."

"Sikuli."

"Umeniokoa, mais quand même umeniharibia siku."

"Siku yako itapona." Lusenge hakupokea sahani. "Lundi, kesho kutwa, saa moja ya asubuhi, natoa nguzo zote ine. Boriti zitavuka shimo. Njo utapata sakafu yako ya tatu. Mais baramini utaishika wewe mwenyewe, si Delphin, na utashuka nayo mpaka ilie. Nataka uisikie ikilia."

"Nitakuja."

"Na kitu ingine."

"Ndiyo, muzee?"

"Usiniletee ndizi."