Matusi ya Mapacha wa Mwalimu Hamadi

Ni mgeni gani huyo, anatandikiwa kitanda kimoja, halafu anafika na mwenzake? Mapacha, basi. Hivyo ndivyo walivyoingia nyumbani kwa Mwalimu Hamadi, mjini Kindu, miaka ile nchi ilipoitwa Zaire na chama kilikuwa kimoja tu.

Hamadi alitoka Tanga kuja kufundisha Kiingereza, na alikuwa mtu wa kuona kichekesho hata ndani ya kidonge cha kwinini. Siku ya kwanza alifika shuleni na tai shingoni, wakati serikali imekwisha kuipiga marufuku kama vazi la kikoloni. Mkuu wa shule akafunga mlango mbio, kana kwamba mwalimu ameingia na bunduki. Jioni tai ile ikafungwa shingoni mwa mbuzi wake.

"Hapa neno bwana limefutwa, binadamu wote ni citoyen, raia tu," Hamadi akamwambia mkewe, Mwavita. "Mbuzi wetu ndiye bwana pekee aliyebaki."

Siku ile Mwavita alicheka. Sasa amejifungua, na kicheko hana. Jirani yao Kabedi, Mluba wa Kasai, mke wa Kabeya wa reli, alimshika mkono hospitalini mpaka watoto wote wawili wakalia. Halafu akaondoka kimya, bila hongera, bila pole. Tangu hapo majirani walipita mlangoni wakitazama chini.

"Kwetu Tanga mzazi angekuwa amejaa uji mpaka puani," Mwavita alisema huku akikunja kanga zake. "Hawa hawatutaki. Jumatano treni ikiondoka, mimi na wanangu tumo. Wewe baki na mbuzi wako."

 

Kesho yake asubuhi, sufuria zikagongwa nje. Uwanja ulikuwa umejaa watu, Kabedi mbele, uso umepakwa udongo mweupe.

"Iko wapi ule mwalimu mubaya? Atoke!"

"Kichwa yake kama sufuria ya kuungua!"

"Kiingereza yake inanuka!" wakapokea wanafunzi wake mwenyewe, kwa sauti moja, vizuri kuliko walivyowahi kumjibu darasani.

Kumbe kweli wamekuja kutufukuza, Hamadi alijisemea. Akasimama mlangoni, miguu kapanua, aone nani atapita. Halafu akatazama vizuri. Anayekuja kukufukuza anakuja na kuku kwapani? Kabedi alitukana kiuno kikicheza, na kila tusi lilifuatwa na vigelegele. Hamadi akakumbuka mazishi ya baba yake, watani walivyojilaza ndani ya kaburi wakisema marehemu alikuwa mvivu, aamke kwanza ajichimbie mwenyewe.

Akakunja mikono ya shati.

"Nyie! Anayesikia mnavyoimba atadhani mbuzi wangu anaoa! Na nyinyi wanafunzi, Kiingereza changu kinanuka kwa sababu kimelala vichwani mwenu mwaka mzima!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko.

"Aaa! Shambuyi iko na mudomo!" Kabedi alipiga kelele, maana Shambuyi, kwao, ndiye baba wa mapacha. Kisha akamsogelea. "Mwalimu, kwa mapacha neno tamu haitangulie. Tusi njo ya kwanza, njo maana tulinyamaza. Lakini mama naye ajibu. Mama akinuna, watoto watanuna, watarudia njia yao kwa mizimu."

"Basi nikamwambie."

"Hapana. Itoke mu tumbo yake mwenyewe."

Hamadi akageuka. Mwavita alikuwa nyuma yake, mtoto mmoja begani, mwingine kifuani, na maneno yote ameyasikia. Mwavita akatoka mpaka mbele ya Kabedi, na Hamadi hakujua afanye nini na mikono yake.

"Kabedi! Wewe mwanamke una sura kama mlango wa jela! Umeniacha nalia peke yangu, na shingo yako hiyo kama bomba la maji!"

Machozi yalikuwa yanamtoka kweli.

"Ongeza, Mwambuyi, mama wa mapacha!" Kabedi naye machozi yamemlengalenga. "Ongeza, mama!"

Akaongeza. Aliwapitia wanafunzi, akampitia mkuu wa shule aliyejificha nyuma ya watu, mpaka akamfikia Kabeya na kofia yake ya reli.

"Na wewe Kabeya! Treni yako hiyo konokono anaipita, tena kabeba nyumba! Mwanamke gani mwenye akili zake atapanda humo na watoto wawili? Mpaka ifike, hawa si watashuka na ndevu?"

Kabeya alivua kofia akaipiga gotini kwa kucheka. Vigelegele vikapanda. Hamadi peke yake hakucheka papo hapo. Alilirudia moyoni tusi lile la treni ya Jumatano, polepole, kama mtu anayesahihisha jibu na kuogopa kukosea. Kisha akawapokea watoto wote wawili, ili mkewe apate mikono ya kutukania.