Tumwombee Wifi

…na mkono wa mama wa kwaya una jasho, au jasho ni lake mwenyewe, maana zamu imefika kwa muuguzi, baada ya muuguzi ni mama wa kwaya, na baada ya mama wa kwaya ni yeye, kila mtu anataja wa kuombewa na mduara unaitikia amina, na yeye wa kutaja anaye, yuko kwenye ncha ya ulimi tangu asubuhi, tumwombee wifi yangu jamani, kaka amehamia chumba cha watoto, hapana, afadhali aseme ndoa moja ya karibu, lakini nani humu hajui ana kaka mmoja tu… "goti la mama yangu," anasema muuguzi, amina, goti halimwaibishi mtu, mbona yeye hana goti la kutaja… wifi alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata, akasema bila kugeuka, "Nimekwambia wewe tu, wifi, usije ukanianika," naye akajibu, "Mimi tena? Limefika kwangu, limeishia," na kwani kuombewa ni kuanikwa, si ni upendo, ndivyo alivyojiambia hata kwa fundi cherehani, tumwombee fundi wetu, chupa inamsumbua, kwa sauti ile laini, macho kayafumba, na walioitikia amina ndio hao hao walioamkia kwa fundi kuchukua vitambaa vyao kabla havijashonwa, tena kwa adabu, habari za asubuhi fundi, na sasa fundi akikutana naye njiani anatazama viatu… na ule utamu, aseme kweli, mduara mzima ulivyokaza mikono ukamwegemea, kwa habari zake mwenyewe hakuna aliyewahi kumwegemea hivyo… "na vijana wetu wenye mitihani," mama wa kwaya huyo, amina, ndiyo kamaliza? mkono unambana. "Haya mwanangu, leo tumwombee nani?" Macho yote yamefumbwa, masikio yote wazi, na wifi saa hizi yuko jikoni anamwamini…

"Mimi," anasema. "Ulimi wangu. Fundi nilimmaliza hapa hapa, nikaita maombi."

Hakuna mkono unaokaza. Mikono bado imeshikana, joto ni lile lile, na amina inakawia, inakawia, kisha inakuja moja tu, ya chini, na sauti anaijua, ni ya yule aliyekuwa wa kwanza kwenda kwa fundi kuchukua kitambaa…